Kutu Ndiyo Kufuli Yetu

Buia letu limesimama kati ya barabara na nyumba: jukwaa la miti lenye paa la majani ya mkadi, upepo unapita chini yake na kuku wanalala humo. Ukitazama mbele unaona barabara, halafu maji tulivu. Ukigeuza shingo unaona nyumba yetu, halafu bahari kuu. Kisiwa chetu, Tarawa, ni chembamba hivyo. Mtu akipiga chafya upande huu, anaombewa afya upande ule. Mchana, maji yakiwa yametoka, mchanga unang'aa hadi mbali na hujui nchi imeishia wapi na anga imeanzia wapi, na watu wa buia huzungumza taratibu, kama watu waliomo ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Birika la kahawa lipo katikati, limetiwa asali ya mnazi mpaka kijiko kinasita. Sahani ya shelisheli la kukaanga ipo karibu na Spika, kwa sababu kila sahani huishia karibu na Spika. Na kutoka nyuma ya nyumba, tangu kahawa haijachemka, unakuja mlio wa nguo zikipigwa kwenye ubao. Pa. Kimya. Pa.

Huyo ni mama. Mashine yetu ya kufulia ilikata roho wiki iliyopita, katikati ya shuka, na leo buia lilikuwa linaamua la kufanya: itengenezwe au inunuliwe nyingine.

Ilikuwa lazima iwe leo. Kaka yangu Ruteru anachuma matunda huko Queensland, na alikuwa anafunga kontena la vitu vya nyumbani. Kontena likishafungwa halifunguliwi mpaka bandari ya Betio. Jana alisema kwenye simu: jioni ya kesho mniambie, niweke mashine mpya au niweke spea za ile ya zamani. Nafasi iliyobaki ni ya kimoja. Kontena jingine hajui litakuja lini, pengine mwakani. Kwa hiyo buia likiamua vibaya, mama atazipiga nguo za nyumba nzima kwenye ubao mpaka mwakani, na vifundo vya mikono yake vimekwisha kuvimba kama mizizi ya tangawizi. Nyumba nzima nayo si maneno matupu. Ni sisi, ni watoto wa shangazi wanaosomea kwetu, na ni mashati ya Spika, ambayo hakuna anayekumbuka yalianza lini kufuliwa hapa.

Simu ya jioni alikabidhiwa Spika. Huyu ni baba yangu mdogo, Kaitu. Anaitwa Spika kwa sababu ndiye anayegawa nafasi ya kusema, na hujigawia iliyo kubwa. Kando yake alikuwa Hamburgi, mjomba wangu Batiku, kaka wa mama, aliyeumaliza ujana wake kwenye meli za mizigo za Wajerumani. Yeye anasema alikuwa chumba cha injini. Mke wake anasema alikuwa jikoni. Aliyeegemea nguzo huku amefumba macho nusu ni Nabii, binamu wa baba, ambaye kazi yake ni kuota na kutusimulia. Baba mwenyewe yuko bandarini Kiritimati, mbali kuliko nchi za watu. Na mimi ni Akoia, niliyekuja likizo kutoka chuoni. Buia linaniita Mpinzani na linadhani limenitukana.

Spika akafungua kikao kwa methali, kama kawaida yake.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema. Sasa mimi nauliza, tunaogopa nini kujenga ukuta? Ukuta mpya hauna ufa. Iletwe mpya.

— Bwana wee, Hamburgi akamwambia, methali hiyo inasema kinyume chake.

— Methali haina mdomo. Anayesema ni mimi.

Kisha akaanza kutueleza hiyo mashine mpya, ambayo hajawahi kuiona popote isipokuwa kwenye simu ya mkewe. Haifunguliwi juu kama sufuria, alisema. Inafunguliwa mbele, na mlango wake ni wa kioo, duara, kama dirisha la meli. Unavuta kiti. Unakaa. Ndani maji yanapanda taratibu, povu linageuka rangi ya lulu, na nguo zinaanza kupita. Shati lako linakuja kama kasa, linakutazama, linaondoka. Baadaye linarudi. Hata kama una deni, hata kama umegombana na mtu, ukikaa hapo unasahau.

Sote tukayatazama mashati yanaogelea. Hata mimi niliyaona, na sikupenda kuyaona kupitia kinywa cha Spika.

Nikasema naunga mkono mpya, ila si kwa sababu ya kasa. Nikawaambia mashine iliyopo imefungwa kamba ili kifuniko kisiruke, mpini wake ni kijiko, na kila ilipoharibika spea iliyotumika ni mikono ya mama. Nikasema kitu kinachotengenezwa kwa kumvunja mtu hakijatengenezwa. Ingekuwa chuoni wangegonga meza. Kwenye buia Nabii alifungua jicho moja, akaokota kipande cha shelisheli, akalifunga tena.

— Mpinzani anasema vizuri, alisema akiwa amefumba. Lakini Spika anaipenda mpya kwa sababu mkewe ameshaipenda. Haijafika na ameshaipenda.

Hamburgi akacheka mpaka kahawa ikampalia. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikumbuka cherehani.

Kwetu ndugu akija, akaketi chini mbele yako, akasema nimekuja kwa bubuti, kisha akataja kitu, kitu hicho kimeshaondoka. Hukatai. Unaweza kuwa maskini, unaweza kuwa mlevi, watu watakuzoea. Ukikataa bubuti, wajukuu wa uliyemnyima watawaonyesha wajukuu wako kwa kidole. Ndivyo ilivyoondoka redio yetu. Ndivyo ilivyoondoka baiskeli ya Ruteru, bado ikiwa na plastiki kwenye usukani. Na ndivyo ilivyoondoka cherehani ya mama: Spika na mkewe walikuja baada ya kanisa, wakaketi, wakaomba, na mama akaifunika kitambaa safi akawasindikiza nayo mpaka barabarani. Yeye mwenyewe hajawahi kumwendea mtu yeyote kwa bubuti, hata kwa chumvi. Watu husema ni kiburi. Mimi siku zote nilidhani ni woga.

— Nisikilizeni, Hamburgi alisema alipopata pumzi. Mashine hii imekaa hapa miaka yote kwa nini? Mmejiuliza? Wageni wangapi wamepita? Wajomba, mashemeji, watu wa kanisa, watu wa harusi. Nimeyatazama macho yao. Yanafika kwenye mashine yetu, yanaona kamba, yanaona kijiko, yanaona ile kutu inavyotiririka, na yanapita kama yanavyompita mbwa mwenye upele. Hakuna aliyewahi kuiomba. Kutu ndiyo kufuli yetu, mwanangu. Sasa nyinyi mnataka kuivunja kufuli.

— Kwa hiyo itengenezwe, Spika akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona kasa wake wanakwenda.

— Itengenezwe, tena vibaya. Mpya itatoka Queensland bila mkwaruzo, itavuka bahari yote hiyo, itafika Betio, itafika hapa. Halafu zitabaki hatua chache tu hadi kwako.

— Mimi sijaomba kitu.

— Hakijafika.

Hapo ndipo nilipouona ubaya wa jambo. Ikitengenezwa ya zamani, itakata roho tena kabla ya mvua, na mama atarudi kwenye ubao. Ikija mpya, itakwenda kwa Spika, na mama atarudi kwenye ubao. Njia zote mbili zilikuwa zinaishia kwenye ubao uleule. Na mwenzangu katika hoja, mtu pekee aliyesimama upande wangu, ndiye mwizi ninayemwogopa, ila kwamba kwetu huyo hatumwiti mwizi, tunamwita ndugu.

— Yaani mjomba, nikamuuliza Hamburgi, ili kitu kiwe chetu lazima kiwe kibovu?

Alifikiri sana. Upepo ukageuza majani ya paa, yakaonyesha matumbo yake meupe, yakalala tena.

— Mbona mimi, kwa ubovu wangu, sijawahi kuombwa na mtu, alisema mwishowe. Mke wangu yuko salama kabisa.

Baada ya hapo mazungumzo yakang'oa nanga. Jua lilikuwa limeegemea, kivuli cha buia kimefika barabarani, na kila mtu alikuwa na dawa yake. Spika alipendekeza iletwe mpya kisha ipakwe matope, tumwambie kila anayepita kwamba ndiyo ileile. Hamburgi akamwambia matope yanaoshwa na mvua, kutu haioshwi, afadhali mpya izamishwe kwenye maji tulivu mpaka ikomae. Kisha akaja na lililo bora zaidi. Kuna yule kaa anayehamia kombe la mwenzake, si tunamjua? Basi Ruteru alete mpya, tuitoe matumbo yote, tuyaingize ndani ya ganda la zamani, na kamba ibaki palepale, na kijiko kibaki. Nje maskini, ndani tajiri. Spika akauliza nani atakayeyahamisha hayo matumbo. Hamburgi akasema yeye, aliyekuwa chumba cha injini. Kila mtu akakikumbuka kipaza sauti cha kanisa alichokitengeneza Hamburgi, ambacho tangu siku hiyo huongea mvua ikinyesha tu.

Nabii naye alitaka mazishi. Itangazwe kwamba mashine imefariki, tuilaze kwenye mkeka, wanawake waimbe, izikwe upande wa bahari kuu. Mpya ikifika tuseme ni mzimu wake.

— Hakuna anayeomba mzimu, alisema. Mzimu unakuja wenyewe.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Spika akaafiki, na hakuna aliyemuuliza maana yake.

Halafu Nabii akaketi sawasawa, jambo lisilo la kawaida, akasema kwa nini tunasumbuka na mashine wakati ndugu yetu yuko Kiritimati. Kule siku inaanza mapema kuliko hapa. Saa yao iko mbele ya saa yetu. Kwa hiyo nguo zipelekwe Kiritimati, zifuliwe asubuhi ya kule, na zirudishwe huku wakati bado ni alfajiri yetu. Zitafika safi kabla hazijavaliwa. Huenda, alisema, tukiwahi sana, zitafika kabla hazijachafuka kabisa, na hapo hatutahitaji kuzipeleka.

Hamburgi alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Spika alisema hoja ina uzito, ila usafiri ni tatizo. Naapa walikuwa wanaifikiria kweli. Niliwatazama, watu wazima watatu, kila mmoja amevaa nguo aliyofuliwa, macho yao yamekwenda mbali juu ya mchanga unaong'aa, wakiyaona mabunda ya nguo yakielea kwenda mashariki kuikuta kesho. Na kibaya ni kwamba nami niliyaona. Yalikuwa meupe, na yalikwenda bila haraka, na juu ya moja alikaa kuku wetu.

— Mimi nadhani haijaharibika, Nabii akaendelea, sasa kwa sauti ndogo. Imechoka. Ilivuka bahari ikiwa kijana, ikaja hapa, ikawekwa kando ya tangi, ikaambiwa zunguka. Kila siku zunguka. Ukiinyoosha ile mizunguko yote ikawa barabara, ingekuwa imeshafika nyumbani kwao na kurudi. Imechoka kusafiri mahali pamoja.

Maji yalikuwa yameanza kurudi, mstari mwembamba wa fedha ukisogea juu ya mchanga bila sauti. Basi lilipita, vumbi likakaa hewani muda mrefu likiwa la dhahabu.

Pa, ikaja kutoka nyuma. Kimya. Pa.

Ndipo alipotokea mgeni. Alikuwa mtu wa makamo, mkeka wa kulalia kwapani, kofia ya majani kichwani. Alisema mauri, ndiyo salamu yetu, akaomba kivuli mpaka basi la Betio litakapopita. Anaitwa Tekaai, anarudi kisiwani kwao Nonouti, na meli inaondoka jioni. Spika akamkaribisha kitako kwa methali.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pata kahawa. Umekuja wakati mzuri, tuna kura mbili kwa mbili.

Hazikuwa mbili kwa mbili. Nabii alikuwa amepigia mazishi. Lakini mgeni alimiminiwa kahawa, akavua kofia akaiweka pajani, na Spika akamweleza kesi yote tangu mwanzo: mashine, kontena, kioo, kutu, kaa na kombe lake, Kiritimati. Alimweleza vizuri, nakiri, na kwa haki. Hata hoja yangu aliitaja, akaiita hoja ya kijana. Tekaai alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, lakini niliona kwamba sikio lake moja halikuwa kwetu. Lilikuwa limegeukia nyuma ya nyumba.

— Kwa hiyo wewe mtu wa nje, Spika akamaliza, usiye na maslahi. Itengenezwe au iletwe mpya?

Mgeni alikunywa kahawa yake. Hakuonekana mtu wa kutega mwenzake kwa swali.

— Huyo anayefua huko nyuma, aliuliza, yeye anasemaje?

Spika alimtazama Hamburgi. Hamburgi alimtazama Nabii, na Nabii alikuwa amefumba macho, ila safari hii alifumba kwa makusudi. Kisha wote wakanitazama mimi. Mikono ya mama nilikuwa nimeitaja kwenye hoja tangu asubuhi, kila nilipopata nafasi.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenyewe.

— Tutamuuliza, Spika akasema. Tukishaamua.

Pa, tukasikia. Kimya. Tukaingoja inayofuata, na haikuja.

Mama alitokea pembeni ya nyumba akifutia mikono kwenye lavalava aliyojifunga kiunoni. Aliinama kidogo alipokuwa anapita mbele ya watu, kama ipasavyo, na nilidhani anakwenda dukani. Hakwenda. Alifika mbele ya buia, akaketi chini, kwenye changarawe, miguu ameikunja, macho yake yako chini ya magoti yetu. Sijawahi kumwona mama ameketi hivyo mbele ya mtu. Lakini kila aliyekuwa juu ya jukwaa lile aliujua ukaaji huo, kwa sababu wote wamewahi kuutumia. Hamburgi akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia nyoka.

— Nimekuja kwa bubuti, mama alisema.

— Shemeji, Spika akasema, njoo basi ukae huku juu, kuna kahawa.

— Hapa panatosha. Nimekuja kwako wewe shemeji Kaitu, na kwa kaka yangu, na kwa shemeji Nabii. Naomba mnifulie.

— Tukufulie nini?

— Nguo.

Spika akalitazama jua.

— Leo?

— Leo na kesho. Na keshokutwa, na kila siku, mpaka mtakapokubaliana. Msiharakishe, mazungumzo yenu nimeyasikia tangu asubuhi na ni mazuri. Hasa ya Kiritimati.

Nabii alikuwa amefumbua macho yote mawili. Rangi yake sikuwa naijua. Ni ya hudhurungi.

Jibu lilikuwa moja tu, na kila mtu alilijua. Kukataa bubuti ni kubaya. Kukataa mbele ya mgeni ni kubaya zaidi. Na kukataa mbele ya mgeni anayepanda meli jioni ni kukataa mbele ya visiwa vyote, kimoja baada ya kingine, hadi kusini. Tekaai alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili na anautazama mkeka wake. Hamburgi alijaribu. Alisema dada, unajua mgongo wangu tangu Rotterdam. Mama akamwambia anajua, ndiyo maana amemwekea nguo za watoto.

Basi wakashuka. Mmoja mmoja, wakitafuta kandambili zao polepole, kama watu wanaotoka kanisani ambako wametajwa kwa majina.

— Mimi je? nikamuuliza mama. Maana hakunitaja.

— Wewe mwanangu, alisema akipanda kukaa mahali pangu. Wewe huombwi.

Nikashuka na mimi.

Nyuma ya nyumba jua lilikuwa linapita kwenye matundu ya majani ya mshelisheli na kuangukia makarai, na povu lilikuwa na ile rangi ya lulu aliyoitaja Spika. Mashine ilisimama kando ya tangi na kamba yake na kijiko chake, ikitutazama. Nguo zilizolowa ni nzito kuliko hoja. Shuka moja la kitandani likishakunywa maji ni kama nguruwe asiyetaka kwenda, na Nabii alilikamata upande mmoja nami upande wa pili, tukalisokota, na maji yakatiririka kwenye viwiko vyetu hadi kwapani. Alisema ndani ya shuka anaona mawingu. Nikamwambia asokote. Hamburgi alichuchumaa akifikicha kaptura za shule moja baada ya nyingine, akiguna kwa Kijerumani. Na Spika alitumbukiza mkono kwenye karai akatoka na shati lake mwenyewe, lile la samawati la mikutano, akalitambua, na akasimama nalo likidondoka, kama mtu aliyekutana barabarani na anayemdai.

Karai la kwanza halikuwa limekwisha waliposema wamekubaliana.

— Mmekubaliana lipi? mama akauliza kutoka buiani. Sauti ilikuja laini, kama ya mtu aliyenyoosha miguu.

Spika alitazama huku na huku.

— Lolote, alisema.

Ndipo simu ikaita. Ilikuwa imebaki juu ya buia, kando ya sahani, na Spika alikuwa na povu mpaka mabegani. Alifanya kama anataka kukimbia, akaona karai, akaona wenzake, akabaki. Iliita, ikaita. Halafu tukamsikia mama akiipokea.

Hakuanza na mashine. Alimuuliza Ruteru amekula nini. Alimuuliza kama baridi ya asubuhi bado ni kali huko kwenye matunda, na kama yule mwenzake wa kisiwa cha Beru amepona kidole. Sisi tulikuwa tumesimama, kila mmoja na nguo yake mkononi, maji yakidondoka mchangani, na upepo ulikuwa unatuletea maneno ya mama yakiwa nusunusu, mengine mazima.

— Weka mpya, tulimsikia.

Akanyamaza akisikiliza. Nilijua Ruteru anauliza nini huko, maana ndilo lililotukalisha siku nzima, na ndiye aliyepoteza baiskeli.

— Wataiomba, ndiyo, mama akasema. Atakayeiomba nitampa, mwanangu, siwezi kukataa. Nitampa na nitamsindikiza nayo. Halafu kesho yake nitakwenda kwake na nguo za nyumba yangu yote, niketi chini, nami niombe anifulie. Na keshokutwa. Na mpaka niseme basi.

Kisha akamwambia ale vizuri, akakata simu.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hamburgi alikuwa amechuchumaa tena na kaptura ya shule mkononi, akiikamua ingawa ilikuwa haina tena tone. Aliitazama mashine yetu, kamba, kijiko, ile michirizi mirefu ya rangi ya machungwa aliyokuwa ameitetea kwa moyo wake wote.

— Hiyo ni kufuli isiyoshika kutu, alisema polepole.

Basi la Betio likapiga honi. Kupitia pembeni ya nyumba nilimwona Tekaai akisimama, akavaa kofia, akauweka mkeka kwapani. Alimshukuru mama kwa kahawa. Mama alimwambia awasalimie watu wa Nonouti, na akamwonyesha birika likiwa limeinamishwa, kwamba hakuna iliyobaki, na wote wawili wakacheka kwa jambo ambalo sikulisikia. Maji yalikuwa yamekwisha kurudi. Yalijaa mpaka karibu na barabara, na basi liliondoka likionekana kama linapita juu yake.

Spika alianika shati lake la samawati kwenye kamba. Upepo ukaingia ndani, likavimba, likawa mtu mnene asiye na kichwa anayeogelea taratibu kuelekea kwetu, kisha anarudi nyuma, kisha anakuja tena. Spika alilitazama sana, na uso wake ukalainika kama ulivyokuwa mchana, alipokuwa anatueleza kuhusu kasa.

— Shemeji, aliita. Mlango wa hiyo mpya ni wa kioo, sivyo?

— Wa kioo, mama akajibu kutoka buiani.

Spika akafungua kinywa. Akatazama vidole vyake, vilivyokunjamana kwa maji, akavigeuza upande mmoja na upande wa pili. Kisha akafunga kinywa, akainama, akachukua shuka lililofuata.